Bunduki ya .22 kwa Mita 50: Kutoka Skrubu za Darubini hadi Upepo

Mlengaji anapiga risasi 3, anaona zimeegemea kulia, anazungusha kifundo cha darubini kliki 2 (hatua ndogo za kifundo) kwenda kushoto. Anapiga nyingine 3, na safari hii zimeshuka. Anapandisha kliki 1. Maboksi mawili yakiisha, darubini imezungushwa kila upande na matundu yametawanyika vilevile kama mwanzo. Muda wote huo alikuwa anaifukuza bahati nasibu. Matundu 3 hayatoshi kumwambia mtu bunduki yake inapiga wapi, na hesabu ya jambo hilo iko mbele.

Maelezo haya ni ya bunduki ya bolti (komeo linalovutwa kwa mkono) ya .22 LR (risasi ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22 hivi) yenye darubini, iliyoegemezwa kwenye mifuko ya mchanga, na shabaha ikiwa mita 50. Risasi hii ni nyepesi, gramu 2.6, na ile ya shabaha hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti. Kwa kuwa ni ya polepole, hukaa mtutuni muda mrefu na huanguka karibu milimita 118 kabla ya kufika mita 50. Kosa dogo la mkono, la skrubu au la upepo linaonekana wazi kwenye karatasi. Anayeweza kuituliza .22 hatapata taabu kubwa na bunduki nzito zaidi.

Usalama kwanza, kwa ufupi. Mdomo wa mtutu uelekee shabaha au kingo ya udongo wakati wote. Bolti ibaki wazi na chemba itazamwe kwa macho kila mtu anapokwenda kubadilisha karatasi. Vaa kinga ya masikio na miwani, maana ganda la .22 likipasuka kwenye ukingo hurudisha gesi usoni. Risasi isipolia, subiri sekunde 30 bunduki ikiwa imeelekea shabaha, ndipo ufungue. Ikilia kwa sauti hafifu isiyo ya kawaida, acha kabisa, toa bolti na uchungulie mtutu: huenda risasi imekwama ndani, na inayofuata itauharibu. Piga kwenye uwanja unaoruhusiwa na sheria ya nchi yako, na nawa mikono kabla ya kula, maana risasi hizi ni za madini ya risasi tupu.

Skrubu

Bunduki inayotawanya hulaumiwa mtutu, kumbe mara nyingi kuna skrubu iliyolegea. Anza na zile zinazoshikilia chuma kwenye ubao wa kitako. Simamisha bunduki wima ikiwa tupu, weka ncha ya kidole pale mtutu unapokutana na ubao, kisha legeza skrubu ya mbele polepole. Ukihisi mtutu unasogea, basi chuma hakikukaa sawasawa kwenye ubao na kilikuwa kinapindwa kila ulipokaza. Hilo ni la kurekebishwa na fundi. Hakuna risasi ya bei yoyote itakayoliponya. Baada ya hapo chukua karatasi, ikunje mara moja, ipitishe kati ya mtutu na ubao. Kwenye bunduki iliyoundwa ili mtutu uwe huru, karatasi inatakiwa iteleze bila kukwama. Ikigota, ubao unagusa mtutu na kuubadilishia mtikisiko wake.

Kaza kwa bisibisi inayopima nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa bunduki. Ukiwa na kiwango kimoja unachokirudia kila mara, umeshashinda nusu ya vita. Anayekaza "mpaka isikie" hupata bunduki mpya kila akiifungua kuisafisha.

Pete za darubini ni nyororo zaidi. Skrubu za juu ya pete huhitaji takriban nyutoni-mita (Nm) 2 tu. Zikizidishwa hubonyeza bomba la darubini na vifundo huanza kugoma. Kaza kwa kukatisha pembe kwa pembe, zamu kwa zamu, ukihakikisha pengo la kushoto na la kulia la kila pete yanalingana. Kabla ya kukaza mwisho, lala katika mkao utakaopigia, weka darubini kwenye ukuzaji wa juu kabisa, ufumbe macho, uweke shavu, kisha ufumbue. Picha iwe duara kamili lisilo na kivuli pembeni. Kama una kivuli, sogeza darubini mbele au nyuma. Usiufuate kwa shingo.

Sasa msalaba wa darubini usimame wima. Ning'iniza timazi, uzi wenye uzito, kwenye umbali wa mita 25 au zaidi. Weka bunduki sawa kwa pimamaji, kisha zungusha darubini ndani ya pete mpaka mstari wa wima ulale juu ya uzi. Wengi huona hili ni urembo, na hesabu inawakatalia: bunduki ikiinamishwa nyuzi 5 tu upande mmoja, ule mwanguko wa milimita 118 hugeuka kuwa kosa la milimita 10 hivi pembeni. Duara la 10 kwenye shabaha ya ISSF (shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha) ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Kwa hiyo funga pimamaji ndogo kwenye bomba la darubini na uitupie jicho kabla ya kila risasi.

Paralaksi

Darubini nyingi zisizo na kifundo cha paralaksi, zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki kubwa, zimewekwa kiwandani kwa yadi 100 hivi. Ukizitumia kwa mita 50, jicho likisogea kando ya katikati, msalaba nao husogea juu ya shabaha ingawa bunduki haijatikisika; hiyo ndiyo paralaksi. Kwa darubini yenye lenzi ya mbele ya milimita 40 iliyopangwa kwa mita 100, kosa kubwa kabisa kwenye mita 50 ni milimita 10. Ni duara zima la 10 lililopotea kwa shavu lililokaa vibaya.

Kulijaribu ni rahisi. Egemeza bunduki isiguswe, chungulia, kisha tikisa kichwa juu na chini, kushoto na kulia. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, zungusha kifundo cha paralaksi mpaka utulie. Usiziamini namba zilizochorwa juu yake, amini msalaba. Na kabla ya yote hayo, rekebisha kwanza pete ya jicho kwa kutazama anga au ukuta mweupe mpaka msalaba uonekane mkali papo hapo, maana wasioanza na hiyo huhangaika na paralaksi bila mwisho.

Mkao

Mfuko wa mbele uwe chini ya ubao, kamwe usiwe chini ya mtutu. Uwe mahali palepale kila risasi. Chora alama ya penseli kwenye ubao kama lazima. Mfuko wa nyuma uwe chini ya kitako, na mkono usiofyatua uubane au uulegeze ili kupandisha na kushusha msalaba. Ukijikuta unaisukuma bunduki kwa misuli ili ifike kwenye shabaha, mkao umeharibika.

Kipimo chake ni hiki: lenga, fumba macho, vuta pumzi mbili na uzitoe, kisha fumbua. Msalaba ukiwa umehama, usiurudishe kwa mkono. Sogeza mwili mzima, nyonga kwa hatua ndogo, au sogeza mifuko, mpaka bunduki iangalie shabaha yenyewe huku misuli imelala.

Pumzi hushikwa pale inapopumzika yenyewe, baada ya kutoa hewa ya kawaida. Una takriban sekunde 8 hapo. Zikipita bila kufyatua, jicho huanza kufifia na mapigo ya moyo kuonekana kwenye msalaba. Shusha kidole, pumua, anza upya. Kuilazimisha risasi ya sekunde ya 12 ni kuchangia tundu lililo nje ya kundi.

Triga ivutwe kwa nyama ya pingili ya kwanza ya kidole, moja kwa moja kurudi nyuma, bila kidole kugusa ubao. Risasi ikishatoka, bado kuna kazi: baki umeshika triga nyuma na jicho likiwa kwenye msalaba hadi bunduki itulie. Risasi ya .22 hukaa mtutuni milisekunde chache, muda unaotosha kabisa kwa kichwa kinachonyanyuka mapema kuipotosha. Zoezi la kufyatua bila risasi ndilo linalofunza haya kwa gharama ndogo kuliko yote, ila angalia: kwenye baadhi ya bunduki za .22 pini hugonga ukingo wa chemba ikiwa tupu na kuubonyeza. Soma kitabu cha bunduki yako, au weka ganda lililotumika, ukiligeuza kidogo kila mara ili pini igonge sehemu mpya.

Kuweka sifuri

Kuweka sifuri ni kupanga darubini ili msalaba uangukie pale risasi inapotua. Anza mita 25. Toa bolti, chungulia kupitia mtutu wenyewe mpaka shabaha ikae katikati ya tundu la mtutu, kisha bila kuigusa bunduki, zungusha vifundo mpaka msalaba ufike palepale. Rudisha bolti, piga risasi 2 au 3, sahihisha kosa kubwa, uhamie mita 50.

Thamani ya kliki ijulikane kichwani. Darubini ya miliradiani (kipimo cha pembe; 1 ni sehemu ya elfu ya umbali) yenye kliki ya 0.1 husogeza milimita 5 kwa mita 50, na milimita 2.5 kwa mita 25. Darubini ya MOA (dakika ya pembe, sehemu ya 60 ya nyuzi moja) yenye kliki ya robo husogeza milimita 3.6 kwa mita 50. Ile ya moja ya nane husogeza milimita 1.8. Tundu likiwa milimita 18 chini kwa mita 50, basi ni kliki 5 za robo MOA kupanda.

Hapa ndipo yule mlengaji wa mwanzo alipopotea. Chukua bunduki ambayo kwa kawaida risasi zake 5 huenea milimita 12. Ukipiga 3 na kutafuta katikati yake, katikati hiyo ina kosa la kawaida la milimita 2.3 hivi kwenye kila mhimili. Ni zaidi ya nusu ya kliki ya robo MOA, na mara kwa mara itafika kliki nzima bila chochote kuharibika. Ukipiga 10, kosa hushuka hadi milimita 1.2. Kwa hiyo kwa sifuri ya mwisho piga 10 kwenye karatasi moja, tafuta katikati ya zote, rekebisha mara moja, kisha piga 10 nyingine kuhakikisha. Usiguse kifundo katikati ya 10, hata moyo ukikuwasha.

Darubini mpya, au iliyoanguka, ipimwe kama inafuata maagizo. Lenga nukta moja tu muda wote. Piga 5, panda kliki 20, piga 5, kulia 20, piga 5, shuka 20, piga 5, kushoto 20, piga 5 za mwisho. Kwa kliki za 0.1 miliradiani utapata mraba wenye upande wa milimita 100, na kundi la mwisho liwe juu ya la kwanza. Mraba mzima ukiinamia upande mmoja, msalaba hauko wima ukilinganisha na vifundo. Kundi la mwisho lisiporudi nyumbani, darubini haifai kwa kazi hii.

Kupima kundi

Pima kwa kalipa kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje wa matundu mawili yaliyo mbali zaidi, halafu utoe kipenyo cha tundu moja. Usitoe milimita 5.6 za kipenyo cha risasi kwa mazoea: karatasi hujirudi, na tundu huwa dogo kuliko risasi. Pima tundu lililo peke yake kwenye karatasi hiyohiyo na utoe hicho.

Upana wa kundi hukua kadiri idadi ya risasi inavyoongezeka. Bunduki ileile, mkono uleule: kundi la 10 kwa wastani ni pana kuliko la 5 kwa karibu robo, na la 3 ni jembamba kuliko la 5 kwa karibu moja ya tano, yaani kama asilimia 20. Anayelinganisha kundi lake la 3 na la mwenzake la 10 anajidanganya mchana kweupe. Kipimo kinachotumia kila tundu ni wastani wa umbali kutoka katikati: pima kila tundu kutoka ukingo wa kushoto wa karatasi na kutoka ukingo wa chini, tafuta wastani wa kila upande, hapo ndipo katikati, kisha wastani wa umbali wa matundu yote kutoka hapo. Inachosha kidogo, lakini tundu moja potofu haliwezi kuiteka.

Ukitaka kujua kundi zuri ni lipi, shabaha yenyewe inajibu. ISSF huhesabu 10 hata tundu likigusa tu mstari, kwa hiyo katikati ya risasi inaruhusiwa kuwa milimita 8 kutoka katikati ya shabaha. Kundi ambalo vitovu vya matundu yote vimo ndani ya duara la milimita 16, likikaa katikati barabara, ni 10 tupu.

Risasi na namba ya toleo

Risasi zenye chapa moja na jina moja, lakini matoleo mawili tofauti ya kiwanda, zinaweza kupiga tofauti kabisa kwenye mtutu wako. Namba ya toleo imechapwa kwenye boksi, iandike. Walengaji wa mashindano hawanunui chapa, hununua toleo walilolijaribu, kisha wanalihodhi.

Acha zile zenye kasi kupita sauti. Hutoka juu ya kasi ya sauti na kushuka chini yake zikiwa njiani, na mtikiso wa mpito huo huziyumbisha.

Kulijaribu toleo kunahitaji risasi 40 hadi 50, siku isiyo na upepo au ukumbi wa ndani. Ukijaribu matoleo manne, A, B, C na D, usimalize A zote kisha B zote. Piga 10 za A, 10 za B, 10 za C, 10 za D, kisha rudi D, C, B, A, na urudie mzunguko huo wote, ili uchovu na upepo vigawane sawa. Ukibadilisha chapa, nta iliyopakwa kwenye risasi za zamani bado imepaka mtutu: piga 15 hadi 20 kwenye kingo ya udongo kabla hujaanza kuhesabu. Ushindi wa kundi moja dogo usikulevye. Angalia kundi bovu zaidi la kila toleo. Toleo ambalo kundi lake bovu ni zuri kuliko mabovu ya wenzake ndilo la kununua kwa wingi.

Upepo

Upepo wa kukatiza wa mita 1 kwa sekunde, ambao shavu haliuhisi sana, husogeza risasi ya .22 milimita 5 hadi 6 kwa mita 50. Mita 4 kwa sekunde hukutoa kwenye duara la 10 kabisa. Tena hausogezi kwa usawa tu. Mtutu unaozungusha risasi kwenda kulia, kama ilivyo kwa mingi, upepo kutoka kulia huipeleka kushoto na juu kidogo. Kutoka kushoto huipeleka kulia na chini. Ukiona kundi limelala kwa mshazari kutoka juu kushoto hadi chini kulia, usilaumu triga. Ni upepo uliokuwa ukigeuka.

Weka vijiti viwili au vitatu vyenye utepe mwepesi kati yako na shabaha. Wa karibu nawe ndio muhimu zaidi, kwani risasi ikipotoshwa mwanzoni hubeba pembe hiyo njia nzima. Jua likiwa kali, mazigazi yanayoonekana kwenye darubini ya kutazamia husaidia: yakitiririka kushoto upepo unakwenda kushoto, na yakichemka wima, upepo ama umekufa ama unakuja moja kwa moja mbele au nyuma yako. Huo wa kuchemka ni mtego, kwani hugeuka upande bila taarifa.

Njia rahisi ni kuchagua hali moja inayojirudia, mathalani tepe zote zikiwa zimeinuka kidogo kwenda kulia, na kupiga kwenye hali hiyo peke yake. Zikilala, subiri.

Matundu yanavyosema

Kundi refu juu na chini bila upana: shuku kasi za risasi kwanza. Tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi mbili huleta milimita 7 hivi za wima kwa mita 50. Ikiwa toleo ni zuri, tazama mfuko wa nyuma, pumzi, na bunduki inayoruka kwenye mfuko mgumu wa mbele.

Matundu yakijigawa makundi mawili yaliyo mbali kidogo, kuna kitu kinachokaa mahali pawili: pete, skrubu ya ubao, au shavu. Tundu moja nje na tisa pamoja, uliza kidole kabla ya bunduki. Ukiwa uliita risasi hiyo mbovu kabla ya kutazama, iandike hivyo, lakini usiifute kwenye hesabu. Kundi linalohama polepole upande mmoja kadiri mtutu unavyopata joto ni dalili ya ubao unaogusa.

Kusafisha

.22 haihitaji kusuguliwa kila siku, na walio wengi huharibu mdomo wa mtutu kwa fimbo kuliko kwa risasi. Ingiza fimbo kutokea chemba, kupitia kiongozi cha fimbo. Kitambaa chenye dawa mara 2 au 3, kisha vikavu mpaka vitoke safi. Mbele tu ya chemba hujengeka duara gumu la masizi. Hilo huhitaji brashi na dawa ya kaboni kila baada ya risasi mia kadhaa, na kuliacha ndiyo sababu ya bunduki nyingi "kuchoka" ghafla. Baada ya kusafisha, risasi 10 hadi 20 za kwanza huzurura mpaka nta ipake upya. Zipige kwenye kingo ya udongo, kisha ndipo uweke karatasi.